Jembe la Siku ya Tatu

Methali ya pwani yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waingereza hawakupata kuisikia, lakini wamebuni desturi nzima inayoishia pale pale methali inapoanzia. Mgeni aliyealikwa shamba kwa rafiki zake, huko Somerset au Kent, huwasili Ijumaa jioni, hulala usiku mbili, na Jumapili, chakula cha mchana kikishaliwa na vyombo kuoshwa, huingia garini akarudi mjini kwake. Siku ya tatu haimkuti. Jembe, kama lipo, limeegemezwa ukutani huko bandani, na hakuna aliyelitaja.

Si desturi ya kale sana. Mwaka 1850 sheria ya viwanda ya Uingereza iliamuru viwanda vya nguo vifunge kazi saa nane mchana siku ya Jumamosi, na miaka ilivyokwenda mapumziko hayo yakaenea na kurefuka. Neno lenyewe, ambalo Kiswahili cha leo kimekwisha kulimeza kikaliita wikiendi, linaonekana katika maandishi ya Kiingereza mwaka 1879. Makabaila wenye majumba makubwa ya shamba, ambao kwao kila siku ilikuwa ya mapumziko, waliona neno hilo linanuka kiwanda; wao walisema tu "Jumamosi hadi Jumatatu". Lakini treni ilikuwa moja, na ratiba yake ilikuwa moja, na hatimaye bwana na karani wakajikuta wanazuru kwa kipimo kimoja. Kipimo hicho hakikutoka kwa mwenyeji wala kwa mgeni. Kilitoka kwa king'ora cha kiwanda.

Mtu wa Unguja asicheke upesi. Naye huenda shamba Jumamosi, hulala kwa jamaa zake, hunywa madafu, husifu upepo, na Jumapili magharibi huonekana njiani akirudi mjini na mananasi na ndizi miguuni pake. Tofauti ni kwamba yeye huenda kwa jamaa, na jamaa hana pa kumkimbilia. Mwingereza huenda kwa rafiki, na urafiki una mlango wa kutokea.

Ziara hiyo ya Kiingereza ina adabu zake, na anayezidharau hajazitazama vizuri. Mgeni haendi mikono mitupu: huchukua divai, au maua, au chakuleti. Mwenyeji huwa amekwisha kuuliza, siku nyingi kabla, ni vyakula gani mgeni hali. Mlango wa nyuma huwa na safu ya mabuti ya mpira ya saa zote, makubwa na madogo, ili mgeni aliyekuja na viatu vya mjini apate kutembea katika matope. Na kutembea huko, mvua inyeshe isinyeshe, ni kama ibada. Asubuhi ya kuondoka mgeni mwenye malezi huvua mashuka ya kitanda alicholalia akayakunja, asimwachie mwenyeji kazi. Akifika kwake huandika barua ya shukrani. Kila jambo limefikiriwa, na kila jambo lina lengo moja: mgeni asiwe mzigo. Anaondoka kana kwamba hakuwapo.

Hapo ndipo swali linapozuka. Je, ugeni uliokwisha kupimwa kabla haujaanza ni ugeni kweli, au ni muamala wa siku mbili uliolipwa kwa chupa ya divai? Na yule aondokaye kabla ya jembe amemwonea huruma mwenyeji wake, au amemkimbia?

Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kukumbushwa kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa haki ya mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, na kwamba si halali kwa mgeni kukaa kwa mwenyeji wake hata akamtia dhiki. Kwa hiyo mpaka upo, na umewekwa kwa hekima. Ukarimu usio na mwisho humwangamiza mkarimu, na mkarimu akiisha kuangamia, mgeni wa kesho hatapata pa kufikia. Lakini tazama namna mpaka huo ulivyowekwa. Hadithi haikusema kwamba siku ya nne mgeni atolewe. Imesema kwamba kuanzia hapo jina la kile anachopewa limebadilika. Kilikuwa haki, sasa ni hiari. Mlango haukufungwa, bali kilichobadilika ni hesabu baina ya watu wawili, na hesabu hiyo kila mmoja anaijua.

Methali ya jembe nayo huenda ikawa na maana iliyo karibu na hiyo, kuliko vile inavyosikika masikioni mwetu leo. Pwani tumeizoea kama tusi lililovishwa kanzu. Mwenye nyumba akiitaja mbele ya mgeni, hata kwa kicheko, mgeni hufunga mizigo yake. Kuna sababu, na sababu hiyo haipendezi kuitaja. Katika karne ya 19, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na mashamba ya nafaka ya Malindi na mrima wote, yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Mwungwana alijulikana kwa kanzu yake, kwa elimu yake, kwa ulimi wake, na kwa kutoshika jembe. Kumpa mtu jembe katika mji kama huo kulikuwa ni kumteremsha daraja. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini neno halikomeshwi kwa amri. Harufu ile imebaki katika methali, na watu huinusa bila ya kujua inatoka wapi.

Sasa ichukuliwe methali hiyo hiyo ikapelekwe kwingine, mahali ambapo jembe halikupata kuwa na aibu.

Kutoka mjini Mwanza, barabara iendayo Musoma hupita baina ya majabali yaliyopandana kana kwamba yamewekwa na mkono wa mtoto mchezoni, ikafika Kisesa, katika Wilaya ya Magu. Hapo njia huchepuka kwenda Bujora, si zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini. Bujora ni kijiji, ni parokia, na ni makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza kazi yake hapo katika miaka ya 1950, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Ngoma za watemi zimewekwa ndani ya jengo lililopewa umbo la kiti cha utemi. Kanisa ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya msonge. Na kati ya nyumba za maonyesho iko ya Balongo, wale mafundi wa kufua chuma.

Katika nyumba hiyo ya wafua chuma mtu wa pwani angefaa asimame kidogo kuliko anavyosimama kwenye ngoma. Majembe yaliyofuliwa upande huu wa ziwa yalikuwa, katika karne ya 19, mali inayotembea. Yalibebwa mpaka Unyamwezi na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine. Yalihesabiwa katika mahari. Jembe jipya liliweza kununua mbuzi na kumposea mwana. Mtu aliyepewa jembe alikuwa amepewa kitu. Na hata leo, vijana wa Kisukuma wanapocheza bugobogobo, ngoma ya wakulima, jembe ndilo linalorushwa hewani likageuzwa na kudakwa, likizungushwa mkononi kama vile mtu wa Unguja anavyozungusha bakora yake siku ya Idi. Ngoma hiyo ilizaliwa shambani. Vyama vya kulima vilialikwa katika shamba la mtu, wapiga ngoma wakitangulia mbele ya safu, majembe yakishuka pamoja kwa mdundo, na mwenye shamba akiwalisha wote waliokuja. Kwa hiyo mgeni hakungoja siku ya tatu. Alifika na jembe begani, akaimba, akalima, akala, na ugeni wake ulikuwa ndani ya jembe lenyewe.

Ukisimama hapo, methali ya pwani hubadilika sauti. Siku mbili umeketi, umekula michembe na samaki, umeulizwa habari za safari na za ukoo wako. Siku ya tatu unapewa jembe, na maana yake ni kwamba sasa unaaminiwa. Umeonyeshwa mpaka wa shamba. Utajua udongo wa mwenyeji wako ni mwepesi au mzito, utajua magugu yanayomsumbua, utajua ni nani katika watoto wake mvivu. Utamwona akitoka jasho, na yeye atakuona wewe. Kabla ya hapo alikuwa amevaa uso wa kupokelea wageni, nawe umevaa wa kupokelewa. Jembe huzivua nyuso zote mbili.

Hilo ndilo linalomkosa mgeni wa wikiendi, wala si kosa lake peke yake. Siku mbili ni muda ambao binadamu yeyote mwenye malezi ya wastani anaweza kujizuia. Anaweza kutabasamu siku mbili. Mume na mke wanaweza wasigombane siku mbili. Watoto wanaweza, kwa ahadi ya zawadi, kukaa kitako mezani siku mbili. Ziara ya Kiingereza ya shamba imekatwa sawasawa na urefu wa uwezo huo, na ndiyo maana hufana. Wanaoagana Jumapili pale mlangoni hukubaliana kwa dhati kwamba ilikuwa furaha tupu. Wanasema kweli. Wamefurahiana, ila hawajaonana.

Inaweza kujibiwa kwamba hakuna madhara. Watu wawili wamestarehe, kila mmoja amerudi kwake, jambo baya liko wapi? Jibu hilo linatosha maadamu mgeni akirudi kwake ananyamaza. Shida huanza mgeni wa siku mbili anapodai kwamba ameijua nyumba.

Mwanza ina kisa chake. Mwanzoni mwa Agosti 1858, John Hanning Speke, afisa wa jeshi la Kiingereza la India na mtoto wa familia ya makabaila wa Somerset, aliwasili ukingoni mwa ziwa akitokea Kazeh, ambako alikuwa amemwacha Richard Burton akiugua. Alikaa Mwanza siku tatu hivi. Alipokewa na mtemi wa hapo, Mahaya, na akasaidiwa na mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa akiishi karibu. Maneno yake yalipita kwa Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wake, ambaye alizungumza naye kwa Kihindustani kisha akawageukia wenyeji. Kwa hiyo kila swali lilivuka lugha mbili kwenda na mbili kurudi, na anayefanya kazi ya tafsiri anajua kinachomwagika njiani. Speke mwenyewe ameandika kwamba alipouliza ziwa linafika wapi upande wa kaskazini, aliyeulizwa aliinua mkono akaalisha vidole mara nyingi, akasema hakuna ajuaye, pengine linakwenda mpaka mwisho wa dunia. Jibu lilikuwa la kiungwana. Mwenye nyumba alikiri mbele ya mgeni kwamba nyumba yake ni kubwa kuliko anavyoijua. Mgeni, aliyekuwa na siku tatu, hakuona sababu ya kukiri hivyo. Aliondoka akiwa na hakika kwamba ameona chimbuko la Nile, na ziwa ambalo Waganda waliliita Nalubaale, na ambalo wenyeji wa kusini waliliita Nyanza tu, yaani ziwa, akalipa jina la malkia wake.

Alipatia, hilo lazima lisemwe. Mwaka 1862 alirudi kwa njia nyingine, akakaa miezi katika himaya za Karagwe na Buganda, na tarehe 28 Julai akayaona maji yakimiminika kutoka ziwani pale Jinja. Lakini kupatia si hoja hapa. Mgeni anaweza kukisia sawasawa kilichomo katika sanduku la mwenyeji wake na bado akawa hakupewa ufunguo. Na jina lile lililoachwa kwa ziara ya siku tatu lingalipo katika ramani zote, hata za Kiswahili.

Kisa kina mkia wake, nao unaangukia shamba huko huko Uingereza. Septemba 1864 Speke alikuwa mgeni kwa jamaa zake katika shamba la Neston Park, karibu na mji wa Bath, akingojea mdahalo baina yake na Burton juu ya Nile, uliopangwa tarehe 16. Mchana wa tarehe 15, wakiwinda kware, alipanda ukuta wa mawe, bunduki yake ikafyatuka ikampiga ubavuni, akafa pale pale shambani. Burton aliipata habari ukumbini. Hadi leo watu hubishana kama ilikuwa ajali. Mwenye kuupenda ushairi atauona ukuta ule kuliko Nile yote: mgeni aliyevuka nusu ya Afrika bila ya kuomba ruhusa ya mtu, akashindwa kuvuka kiambaza cha nyuma ya nyumba ya ndugu zake.

Miaka 63 kabla ya safari ile ya Mwanza, huko Königsberg, mwanafalsafa ambaye hakupata kusafiri mbali na mji wake alikuwa ameandika juu ya jambo hili hili. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alitenga haki mbili ambazo lugha nyingi huzichanganya. Iko haki ya kuzuru: kila mwanadamu anaweza kujitokeza katika nchi ya wengine asitendewe kama adui, kwa kuwa dunia ni duara na watu hawawezi kutawanyika bila ya kikomo, mwishowe watakutana tu, na lazima wavumiliane. Na iko haki ya kuwa mgeni, kukaa katika nyumba ya mtu na kuhesabiwa wa humo kwa muda. Hiyo, alisema, haimjii mtu kwa kuzaliwa, yataka mapatano maalumu ya hisani. Kisha akaongeza shutuma ambayo wasifuji wa Kant wa Ulaya huipitia mbio: kwamba mataifa ya kibiashara ya Ulaya yanapokwenda kuzuru nchi za wengine, kwao kuzuru ni kuteka.

Mgawanyo wa Kant unafaa, na ukiupima kwa vitu vya kawaida utaona unasimama. Sheria ya Kiingereza yenyewe ina mfano mzuri wa ile haki ya kwanza: njia za miguu zinazokatiza katikati ya mashamba ya watu, ambazo mpita njia yeyote ana haki ya kuzipita, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuzifunga. Mgeni wa wikiendi na mabuti yake ya kuazima hupita humo. Anapita katika ardhi ya mtu asiyemjua, anamwona mkulima mbali juu ya trekta, wanapungiana mikono. Ni jambo jema, na nchi ambazo hazina haki hiyo zingefanya vyema kuiga. Lakini kupita shambani si kulima, na Kant, pamoja na akili yake yote, hakuzungumza juu ya jembe. Aliona mlango wa kuingilia na mkataba wa kukaa. Hakuona kwamba kuna mgeni wa aina ya tatu, ambaye huacha kuwa mgeni pasipo mkataba wowote, kwa kazi tu.

Padri Clement wa Bujora ni mfano wa karibu. Alikuja na dini ngeni, na waliomtangulia katika kazi hiyo, mahali pengi, walikuwa wamezichoma ngoma na kuzipiga marufuku. Yeye alifanya kinyume. Alijifunza lugha, akakusanya vyombo, akaziingiza nyimbo kanisani. Katika sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa Juni, maandamano ya maua yakaungana na mashindano ya ngoma yakawa Bulabo, ambayo huchezwa Bujora hata sasa. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzishwa katika karne ya 19 na waganga mahasimu, Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi kutoka upande wa pili. Hivyo watazamaji, ambao wengi wao ni wageni waliotoka vijiji vya mbali, ndio mahakimu, nao huhukumu kwa miguu yao. Hapo hakuna mgeni rasmi anayehitajika (ingawa huwa hakosekani, na kama kila mahali hufika mwisho na huondoka mwanzo).

Je, kazi ya Clement ilikuwa jembe au ilikuwa kalamu ya Speke kwa mwendo mwingine? Kuna wanaosema kwamba mtu akiweka ngoma za watemi katika jengo na kuwalipisha watu kiingilio, amezifanya maiti. Tena utemi wenyewe ulifutwa na serikali muda mfupi baada ya uhuru, hivyo ngoma zilihamia makumbusho wakati zilipokuwa hazina pa kupigwa. Shutuma hiyo ina uzito. Lakini yako mambo mawili yasiyoweza kupuuzwa: alikaa kwa miongo, si kwa siku, na alivyovikusanya vimebaki pale pale vilipokusanywa, mikononi mwa watu wa pale. Mgeni aliyebeba hupelekea kwao. Huyu alijenga kwa wenyeji.

Na ziwani, si mbali na hapo, kuna kitabu ambacho hakina budi kutajwa. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya kubwa kwa lugha yake ya Kikerewe, juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wasiojaliwa mtoto kwa muda mrefu. Hakupata mchapishaji. Miaka ikapita zaidi ya ishirini, hadi wageni wawili wa Kimarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, waliokwenda Ukerewe kwa utafiti, walipoujua mswada huo wakamhimiza autafsiri kwa Kiswahili. Mzee akaufanya mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, katika uzee na maradhi. Tanzania Publishing House ikaupiga chapa, na Kitereza akafariki 1981 kabla ya kukishika kitabu. Ndani ya kitabu hicho watu huzuru. Karibu hawafanyi jambo jingine. Myombekere huenda ukweni kumwomba mkewe aliyerudishwa kwao, hutakiwa pombe ya ndizi, huhangaika kuipata. Watu hupokewa, huketishwa, hulishwa, huulizana habari kwa urefu unaomchosha msomaji wa leo. Lakini urefu ule ndio kitabu. Kitereza hakuamini kwamba unaweza kumjua mtu kwa kumkatia maneno, na hakuandika hata ziara moja ya kupita tu ambayo haikumdai mtu kitu.

Yupo pia mgeni ambaye wikiendi haikumtengenezea nafasi: yule asiye na Jumapili ya kuondokea. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyeishi na kufundisha Kent, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ametunga riwaya nzima juu ya mzee wa Kizanzibari anayeteremka uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi, akajifanya hajui Kiingereza. Mzee huyo anapelekwa mji mdogo wa pwani ya Uingereza. Mashamba yale yale ya kijani, mvua ile ile. Lakini hakuna aliyemwekea mabuti mlangoni, kwa kuwa hakuna ajuaye atakaa hadi lini, na ukarimu wa siku mbili hauna msamiati wa kumwambia.

Ni rahisi kulaumu Kent. Jambo gumu zaidi liko karibu.

Wasukuma ni watu wa kuhama. Kwa miongo mingi wamekuwa wakitoka kandokando ya ziwa na ng'ombe wao, wakashuka Rukwa, wakashuka Usangu, wakatafuta majani. Mwaka 2006 na 2007 serikali ya Tanzania iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu kwa sababu ya kuokoa maji ya mto Ruaha Mkuu, Wasukuma wakiwa wengi miongoni mwao, ikawaelekeza mikoa ya Pwani na Lindi. Wakafika Rufiji, wakafika Kilwa. Ng'ombe waliingia katika mashamba ya mpunga na ya mahindi. Wakulima walikuwa na haki ya kukasirika, maana shamba lililoliwa usiku mmoja ni njaa ya mwaka. Yakatokea magomvi, na damu ikamwagika. Ikwiriri, 2012, ni mfano mmoja. Haya hayafutwi kwa methali wala kwa hadithi za ukarimu. Mgeni anayeleta kundi la ng'ombe mia si mgeni aliyekuja na chakuleti.

Lakini msikilize mwenyeji wa pwani anavyowataja hata sasa, karibu miaka ishirini baadaye. Wageni. Wamelima. Wameleta majembe ya kukokotwa na ng'ombe mahali ambapo watu walilima kwa mkono. Mpunga wao unauzwa sokoni pamoja na mpunga wa wengine, na hakuna anayeonja tofauti. Siku ya tatu ilipita zamani, jembe walijipa wenyewe kwa kuwa hakuna aliyewapa, na jina halikubadilika. Kwa kipimo cha Bujora hao ni watu wa nyumbani. Kwa kipimo cha Kant mapatano hayakuandikwa. Kwa kipimo cha pwani, ile pwani ya mwungwana asiyeshika jembe, huenda kazi yao yenyewe ndiyo inayowazuia, kwa sababu pale mtu hakuwahi kuwa mwenyeji kwa kulima. Alikuwa mwenyeji kwa nasaba, kwa msikiti, kwa kaburi la babu yake.

Makaburi sasa wanayo. Watoto waliozaliwa huko baada ya 2007 wako shuleni, wengine wamekwisha kumaliza. Hawajaona Kisesa wala Magu, na majabali ya Mwanza wameyaona katika picha. Wanasema Kiswahili cha Rufiji, kwa lafudhi ya Rufiji, pamoja na mizaha yake. Na mzee wa mji akiwasikia huwasifu, kwa nia njema kabisa, kwamba kwa watu wa kuja wanakisema vizuri.